Kuwinda ndani ya VR: andaa chumba, andaa mwili, kisha tulia

Kabla hujavaa chochote, tazama juu. Kama chumba kina pangaboi, lizime, na kama ukinyoosha mkono unalifikia, hamia chumba kingine. Nina chumba cha gemu hapa Msamvu, Morogoro, chenye kofia mbili za VR aina ya Quest 2, zile zinazofunika macho na kukuonyesha dunia ya picha pande zote, na jeraha la kwanza nililolifunga bandeji humu ndani lilitokana na pangaboi. Kijana mmoja alikuwa anawinda kwa upinde. Kwenye gemu ile podo liko nyuma ya bega, kwa hiyo alinyanyua mkono juu ya kichwa ili achomoe mshale, tena kwa haraka, maana mnyama alikuwa keshamwona. Vidole vikakutana na panga linalozunguka. Kucha mbili zilitoka. Jioni ileile nilipanda juu ya meza nikalishusha, na tangu siku hiyo kila mgeni namsimulia habari hii kabla sijapokea hela yake.

Gemu ya kuwinda inahitaji nafasi kuliko gemu nyingi za VR, kwa sababu unainama, unachuchumaa, unageuka ghafla ukisikia tawi limevunjika nyuma yako. Tafuta eneo tupu la mita mbili kwa mbili. Kofia yenyewe itakuomba uchore mstari wa mpaka sakafuni kwa kontrola, yaani kile kifaa cha kushika mkononi, na ukiukaribia mpaka huo utaona ukuta wa mistari mbele ya macho. Uchore ndani kidogo ya nafasi uliyonayo, usiuchore ukutani kabisa, kwa sababu mkono unaorushwa kwa kasi unafika ukutani kabla macho hayajaona mistari. Acha hatua moja nzima kila upande. Ondoa meza ya kioo, ondoa waya wa chaja sakafuni, na kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, mtu mzima mwingine awe naye muda wote. Mvaaji hamwoni mtoto huyo, na usiitegemee kofia imwambie.

Katikati ya eneo lako tandika mkeka mdogo, kisha vua viatu. Hilo ndilo jambo la bei nafuu kuliko yote na ndilo lililonisaidia zaidi. Baada ya dakika tano ndani ya msitu hujui tena mlango uko wapi, lakini nyayo za miguu zinajua. Zikigusa sementi ya baridi, umetoka katikati, rudi. Wateja wangu wa kawaida siku hizi wanarudi mkekani bila hata kukatiza mazungumzo.

Mwanga una mambo yake. Kofia hii inajua mahali ilipo kwa kamera nne zilizo mbele yake, na kamera hizo zinahitaji kuona chumba. Kwenye giza zinapotea, na kioo kikubwa cha kabati nacho kinazichanganya, kwa hiyo kifunike kwa khanga. Sasa fikiria umeme umekatika saa mbili usiku. Kofia ina chaji yake, haizimiki, lakini taa ya chumba imezima, na ghafla msitu mzima unaanza kuelea na mikono yako inabaki hewani. Watu hushtuka wakapiga hatua kubwa kutafuta usawa, na hapo ndipo wanapoanguka. Fundisha mwili wako jambo moja tangu siku ya kwanza: dunia ikianza kuelea, fumba macho, simama palepale, vua kofia. Mimi taa ya chaji naiwasha mapema, kabla ya magharibi, nikaiacha hivyohivyo hadi nifunge.

Kuvaa sasa. Quest 2 ina uzito wa gramu 503, na karibu uzito wote uko mbele. Ukikaza mkanda wa pembeni tu, kofia itakubana mashavu na ndani ya dakika kumi kichwa kitauma. Anza na sehemu ya nyuma: ishushe chini ya mfupa wa kisogo, pale kichwa kinapoanza kuingia shingoni, halafu ndipo ulete mbele iketi usoni. Mkanda wa juu ndio unaobeba uzito, uvute hadi uhisi mashavu yamepumua. Mwenye rasta au misuko mikubwa ailaze chini, asiifunge juu utosini. Mwenye hijabu avae kofia juu yake, na wanangu wa kike wamenifundisha kwamba kitambaa cha pamba kinakaa, cha hariri kinateleza. Mwenye miwani asiivue: ndani ya boksi kulikuwa na kipande cha plastiki cha kusogeza lensi mbali na uso, kitafute ukiweke, la sivyo miwani itakwaruza lensi na mikwaruzo hiyo haitoki.

Lensi zenyewe zina vituo vitatu: 1, 2 na 3, yaani milimita 58, 63 na 68 kati ya jicho na jicho. Zisogeze kwa vidole hadi maandishi yasimame wazi. Wengi wanavaa kwenye kituo alichoacha mtu wa mwisho, wanaona ukungu, wanadhani gemu ni mbovu. Kwa mwindaji ukungu huo ni hasara kubwa, kwa kuwa mnyama aliye mita mia mbele ni rangi ya kahawia ndani ya rangi ya kahawia.

Kuhusu umri sina mjadala. Mtengenezaji anaruhusu kuanzia miaka 10, na aliye chini ya 13 awe kwenye akaunti inayosimamiwa na mzazi. Mtoto wa miaka saba akija na mzazi analia, nampa gemu ya mpira wa miguu kwenye TV.

Sasa tuje kwenye kichefuchefu, maana ndicho kinachowafanya watu waseme VR si ya kwao. Macho yanaona unatembea, sikio la ndani linasema umesimama, na mwili unaamua kwamba kuna jambo baya limeingia tumboni. Si udhaifu, na hutakiwi kukivumilia. Ingia kwenye mipangilio kabla ya kuanza. Chagua kuhama kwa kuruka: unaelekeza kontrola mahali, unabonyeza, unajikuta pale, na macho hayapati safari ya katikati. Kugeuka nako kuwe kwa vipande, si kwa kuteleza. Washa kile kivuli kinachopunguza upana wa picha unapotembea. Siku tatu za mwanzo dakika 15 zinatosha, na jasho la kwanza jembamba kwenye paji la uso ndilo onyo lako. Ukilisikia, vua. Ukisema ngoja nimalize huyu mnyama mmoja, utalala mchana mzima.

Feni ya kusimama inasaidia mno. Iweke mbele ya mkeka ikupulizie usoni: inapunguza joto, na inakuambia mbele ya chumba ni wapi. Lakini kwenye kuwinda ina mtego wake, na mtego huu niliugundua baada ya miezi kadhaa ya kuwatazama watu wakishindwa mahali pamoja kwenye TV inayoonyesha anachokiona mvaaji. Mtu anahisi upepo usoni, mwili wake unamwambia upepo unatoka kwa mnyama kuja kwake, basi anasonga kwa uhakika. Kumbe ndani ya gemu upepo unavuma kutoka mgongoni mwake kwenda mbele. Harufu yake imefika kabla yake. Mnyama anainua kichwa, anakimbia, mtu anabaki kushangaa. Upepo wa feni ni wa chumba. Wa msituni utausoma kwa macho: nyasi zinalalia wapi, majani yanapeperuka kwenda wapi, au kile kimshale ambacho baadhi ya gemu huweka kwenye saa ya mkononi.

Babu yangu aliniambia habari ya upepo nikiwa mdogo, miaka mingi kabla sijaijua VR. Alikuwa mfuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji vya Selous, upande ambao tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Alitembea mbele, nyuma yake mwindaji bingwa, nyuma zaidi mgeni aliyelipia, na kiunoni alikuwa na kifuko cha majivu. Kila baada ya hatua kadhaa alikitikisa, akaangalia majivu yanakwenda wapi, akabadilisha njia. Alisema mnyama anaweza kukusamehe umbo na anaweza kukusamehe sauti moja, harufu hakusamehi. Watengenezaji wa gemu nzuri wanalijua hilo na wameliweka.

Kwa hiyo ukiingia, usianze kutembea. Simama. Soma upepo, kisha geuka taratibu mzunguko mzima ukisikiliza. Vaa hedifoni, spika ndogo za kofia zinatosha kwa gemu nyingine, ila hapa sauti ina upande na ina umbali, na ukelele wa pikipiki za stendi unaifuta. Kisha nenda hatua tatu, simama, hesabu hadi kumi. Kijiti cha kontrola ukikisukuma hadi mwisho unakimbia na majani makavu yanalia, kisukume nusu. Na uchuchumae kweli kwa magoti yako, kwa sababu gemu inapima urefu wa kichwa chako. Kitufe cha kuchuchumaa kipo kwa wenye magoti mabovu, nao wakitumie bila kusita, lakini mwenye magoti mazima atasikia tofauti pale nyasi zinapopanda hadi machoni.

Gemu nyingi za aina hii zimetengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, hivyo msitu utakaokutana nao ni wa misonobari, na mnyama wako wa kwanza huenda akawa kulungu wa huko mwenye pembe za matawi. Mjifunze. Dume huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine, tofauti na swala wetu ambaye pembe zake ni za kudumu. Kuna kulungu wa Marekani ambaye mkia wake mweupe kwa chini ndio kengele yake: ukiuona umesimama juu, ameshashtuka na wenzake wote wamejua. Usimfukuze. Chuchumaa, subiri, wakati mwingine gemu inamrudisha malishoni baada ya dakika chache.

Nilimleta babu hapa chumbani mwaka juzi. Nilimkalisha kwenye kiti chenye mikono, nikamvalisha polepole, nikamshika bega ili ajue niko. Bunduki hakuitaka. Aliinama akatazama chini kwenye alama za kwato, akanyoosha mkono kuzigusa, vidole vikagusa mkeka, akaurudisha mkono pajani. Akaniambia, “Mjukuu wangu, nyayo hizi hazina uzito.” Nikatazama kwenye TV, na kweli: kwenye tope na kwenye changarawe kwato zilikuwa na kina kilekile, ukingo uleule, kana kwamba mnyama kapita sasa hivi kila mahali. Muda wote ule nilikuwa sijaliona. Kwa hiyo nakushauri hivi: ndani ya gemu usitafute umri wa unyayo kwenye udongo, hutaupata, uangalie kwenye maandishi yanayotokea ukiuelekezea mkono. Kinachoweza kukusaidia kwenye unyayo wenyewe ni uelekeo, na nafasi kati ya hatua na hatua. Nafasi zikianza kuwa ndefu, alikuwa anakimbia, na huenda aliyemkimbiza ni wewe.

Halafu babu akanyamaza. Alikaa pale, kimya, dakika kumi kamili. Nilitaka kumwonyesha namna ya kusogea, nikajizuia. Kwenye TV niliona majani ya kando ya kijito yakitikisika, akatoka kulungu jike na ndama nyuma yake, wakanywa, wakapita umbali kama wa kutoka hapa hadi kibanda cha chipsi ng’ambo ya barabara. Mwaka mzima nilikuwa narusha gemu ile kwenye TV, na hakuna mteja aliyewahi kuwaona wale wawili, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa mahali pamoja dakika kumi. Wanyama wa gemu hii wana ratiba yao ya kula na kunywa. Ukitulia karibu na maji na upepo uko vizuri, watakuja. Sasa nawafundisha wateja hivyo, na wanaonielewa wanawinda vizuri kuliko wanaojua kulenga.

Kulenga nako kuna adabu yake. Kontrola mbili hazina uzito wa bunduki, na hakuna chuma kinachounganisha mkono wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo kila mtetemeko wa kiganja unaonekana mara kumi kwenye darubini. Kaa kwenye kigoda, weka viwiko juu ya magoti. Mkono wa nyuma uulete begani, usiulete shavuni: ile pete ya kontrola itagonga kofia na shabaha itaruka. Fumba jicho lisilotazama ndani ya darubini, vuta pumzi, toa nusu, kisha bana triga taratibu kama mtu anayekamua ndimu ya mwisho. Kama bunduki ni ya kukoki kwa mkono, jizoeze mwendo huo kwenye uwanja wa mazoezi hadi mkono uujue. Kulungu hatakusubiri uutafute mpini wa kukoki kwa macho.

Lenga nyuma kidogo ya mguu wa mbele, theluthi moja ya mwili kutoka chini. Hapo kuna moyo na mapafu, na mnyama hateseki. Akikuelekezea kifua au makalio, subiri ageuke ubavu. Najua ni picha tu. Lakini nimeona namna mtu anavyofyatua ovyo ndani ya gemu akishajua ni picha tu, na namna anavyoacha kufurahia baada ya siku mbili. Ukishafyatua usikimbilie. Ngoja, sikiliza alikoelekea, kisha nenda pale alipokuwa amesimama na uanze kufuata damu hapo.

Upinde una tatizo la peke yake. Ukiuvuta ugwe hadi nyuma ya sikio, kama wanavyofanya baadhi ya wenye pinde za kweli, mkono wako unatoka nje ya macho ya kamera, na kofia inaanza kubahatisha uko wapi. Mshale unakwenda pembeni. Vuta hadi kona ya mdomo, uishie hapo, na mkono wa upinde uunyooshe zaidi ili kufidia. Badilisha zile betri za AA za kontrola mapema pia, maana zikiwa dhaifu mkono unapotea pale pale unapouvuta ugwe.

Na usiegemee kitu. Narudia hili kwa kila mteja kwa sauti ya juu. Mama mmoja mwalimu, mtu makini, alikuwa amemfuata dume kwa dakika ishirini nzima. Alimkuta amesimama ubavu, kamili. Akaona pembeni pana mti, akafanya ambalo mwindaji yeyote mwenye akili angefanya: akasogea kuegemeza bega kwenye shina ili bunduki itulie. Shina halikuwepo. Alianguka kwa nyonga kwenye sementi, na wiki mbili alitembea kwa shida. Mwili ukishaamini msitu unaamini na mti wake, na wanaozama vizuri ndio wanaoanguka. Ndiyo maana kigoda changu kipo daima kulia kwa mkeka, na kabla mtu hajavaa kofia namwambia akiguse kwa mkono mara tatu, huku ameyafumba macho. Kigoda ndicho mti wake. Kingine chochote anachokiona humo ndani ni mwanga.

Kila nikiwa na mteja, mimi mwenyewe nasimama nyuma yake, hatua moja na nusu, simgusi wala simsemeshi ovyo. Nikitaka kumgusa naanza kwa sauti, namtaja jina, ndipo nagusa bega. Mtu aliye msituni akiguswa bila kuambiwa anarusha ngumi, na ni haki yake. Madereva wa malori kutoka Kenya hupenda sana kuja usiku wakisubiri mzigo. Kwao uwindaji wa kitalii umepigwa marufuku tangu 1977, huku kwetu unahitaji leseni na fedha ambazo mimi na wao hatuna, kwa hiyo hiki chumba ndicho kitalu chetu, na nataka kila mtu atoke humu akiwa mzima.

Ukimaliza, vua kofia ukiwa umekaa. Tazama kitu cha mbali kwa dakika tano, kunywa maji, na usipande bodaboda kama dereva hadi miguu ikubali kwamba sakafu ni sakafu. Futa jasho kwenye sponji ya uso kwa kitambaa kibichi kidogo. Lensi zifute kwa kitambaa kikavu cha miwani, kutoka katikati kwenda nje, bila spiriti na bila mate.

Kisha zigeuze lensi mbali na dirisha. Jua likiingia kwenye lensi hizi linakusanyika kama kwenye kioo cha kuwashia karatasi, na kinachoungua ni skrini iliyo ndani. Kofia yangu ya kwanza niliiacha dirishani nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi kulikuwa na nukta tatu za njano katikati ya picha, na hazikutoka hadi nilipoiuza kama spea. Hizi mbili nilizo nazo huzilaza kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kila moja imeviringishwa kwenye kipande chake cha khanga, chini ya meza, upande ambao jua halifiki.